Kovu la Mwoka Mikate

Tarehe 4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Nataraji karatasi hii itakukuta mzima, maana uzima wangu mimi huku ni wa kusukuma. Anakuletea dereva wa lori la unga. Kwenye simu nisingeweza. Simu yangu hushikwa zaidi na wanangu wasichana kuliko ninavyoishika mimi, na haya si ya masikio yao.

Ni shemeji yako. Unalikumbuka lile kovu la mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo cha kiganja, alipoungua na mlango wa tanuri kabla hatujaoana? Limechimbika. Lilianza kama gamba dogo, likadondoka, likarudi, na sasa ni kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, hakikauki wala hakifungi. Amekuwa akikificha. Mtu yuko mbele ya tanuri, jasho linamchuruzika, kavaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote, nami nikadhani ni ulimbwende wa uzeeni. Nilimcheka hata mbele ya wateja.

Niligundua kwa harufu. Nakuambia wewe tu: nilimgeuzia mgongo kitandani, na alijua kwa nini nimegeuka. Akahamia kwenye kochi, akasingizia mgongo unamuuma.

Daktari wa hapa amekata kipande kidogo akakipeleka hospitali yenu kubwa. Kama ni kitu kibaya, amesema, kikiondolewa mapema watabandika ngozi ya paja na mkono utabaki. Kikichelewa, mkono hakuuahidi. Na mwoka mikate bila mkono wa kulia ni nini, Kitinda? Wewe ndiye unayeshinda na hivyo vipande. Kiangalie. Najua hairuhusiwi. Mwenyewe hajui kama nimekuandikia, na akijua atanuna mpaka hamira igome kuumua unga.

Dada yako

*

Tarehe 20 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nimekipata. Kilikuja ndani ya kichupa, kidogo kuliko punje ya hindi, na jina la shemeji ubavuni. Nilikikata mwenyewe kwa mashine, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, nikavilaza kwenye vioo. Nilivihesabu vioo mara tatu, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimekula.

Nianze na lililo wazi. Ni saratani ya ngozi. Usiiangushe karatasi, endelea kusoma. Si ile nyeusi ambayo watu huiogopa zaidi. Hii huanza mahali pamoja, na ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Ikiachwa hushuka hadi mfupani. Kwa hiyo daktari wenu alisema kweli, tena alisema vizuri.

Kuna jambo la pili, na nimezunguka nalo siku kadhaa. Daktari wetu bingwa aliagiza tukipake alama. Alama ni dawa inayotafuta kitu kimoja tu ndani ya seli, na ikikipata, pale mahali panageuka kahawia. Alama ya shemeji, ile tunayoiita p16, imegeuka kahawia kioo kizima. Sasa mimi kazi yangu ya kila siku ni vioo vya wanawake, vya shingo ya kizazi, na kahawia ya namna hiyo nimeiona mara nyingi mno. Huko maana yake ni virusi vya papiloma, vile ambavyo watu hupeana chumbani.

Sijasema neno juu ya shemeji, nimesema nilichokiona. Bingwa bado hajasaini, na kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe bado hakijafanyika. Lakini wewe ni dada yangu, na siwezi kulala na jambo kama hili mdomoni huku wewe hujui. Nenda ukapimwe. Na tafadhali, yaishie kwako. Ikijulikana nimetoa majibu ya mgonjwa, kazi sina.

Tarehe ya upasuaji itakuwa katikati ya Machi. Hakikisha anakuja.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 22 Machi

Kitinda,

Yaishie kwangu, ulisema. Yangeishiaje kwangu, kwani mimi ni kisima?

Nilijikaza siku chache, nikashindwa. Nikamfuata kwenye chumba cha tanuri akiwa anakanda, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikamwambia una virusi kwenye huo mkono, vya kupeana chumbani, na mimi sijakupa. Nani kakupa?

Hakunitazama mimi. Aliutazama mkono. Akautoa kwenye unga taratibu, akaenda kunawa, akanawa tena, kisha akachukua maji ya moto ya birika akajimwagia mpaka nikadhani ataungua upya. Halafu akalibeba donge lote la unga, la mikate ya mji mzima, akalitupa kwenye pipa la taka. Nikaona hizo ni hasira za mtu aliyeshikwa. Nikauliza tena, nani.

"Yupo," akasema. "Usiniulize zaidi ya hapo."

Hakuomba msamaha. Alichouliza ni kama wasichana nao wanapaswa kupimwa, nikamwambia asiwachafue wanangu kwa huo mdomo wake. Asubuhi yake, foleni ya mikate ikiwa imepinda hadi kwa fundi viatu, nilizitoa nguo zake dirishani moja moja, na kila nguo niliisindikiza na neno. Watu walisikia yote. Aliokota shati moja akaondoka, hizo nyingine akaziacha chini, na hakuna aliyenisaidia kuziokota nilipozinduka.

Tarehe yake ya upasuaji imepita. Daktari alituma mtu kuuliza yuko wapi, nikajibu kwamba mimi si karani wake. Amwulize huyo aliyempa ugonjwa. Duka nimelifunga, nawaambia watu tanuri limeharibika. Nikipita mtaani nachungulia ardhi kama nimedondosha sindano.

Dada yako

*

Tarehe 18 Aprili

Dada,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na ukimaliza usinitukane kwanza. Mtafute shemeji, kisha unitukane.

Majibu ya virusi yametoka. Havipo. Wametafuta vinasaba vya virusi kwenye kile kipande, aina zote za papiloma tunazoweza kutafuta, na hakuna hata kimoja.

Bingwa aliniita. Alikuwa ameona nimeandika kwa penseli pembeni ya kioo neno "virusi", akaniuliza nani kanifundisha kusoma mkono kama ninavyosoma shingo ya kizazi. Akanieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kelele. Kule kwenye shingo ya kizazi, kahawia ile karibu daima ni virusi. Kwenye ngozi sivyo. Seli za ngozi zikishavurugika zenyewe, kwa jua au kwa kovu lililoungua na kuunguzwa tena miaka nenda rudi, zinaweza kuiwasha alama hiyo bila virusi vyovyote. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, na ndiyo maana majibu husainiwa na mtu anayejua. Mimi ninajua kupaka rangi, Dada. Kuisoma si kazi yangu.

Shemeji hakuambukizwa na mtu. Ni tanuri lake na kovu lake. Lakini saratani ni ya kweli, na kila wiki inayopita inakula mkono. Yuko wapi? Niambie yuko wapi.

Nisamehe. Uso sina pa kuuweka.

Kitinda

*

Tarehe 29 Aprili

Kitinda,

Nimekaa, kama ulivyoagiza. Nimesoma mara tatu. Basi nijibu swali moja, wewe msomi wetu: kama virusi hakuna, huyo mwanamke ni nani?

Maana mimi sikumsingizia. Nilimwuliza, na kwa kinywa chake akasema yupo. Kioo chako kilikosea, sawa, vioo hukosea. Yeye je? Mtu anakosea kukiri? Labda kosa lako limenifunulia kitu ambacho ningezikwa nacho bila kujua, na nikushukuru.

Mimi nilikwenda kupimwa. Nililala pale kwenye kitanda cha vyuma nikiwa nimefunika macho kwa mkono, muuguzi mdogo wa kumzaa akaniuliza kama nina mpenzi zaidi ya mmoja. Umri huu. Nimeambiwa mimi ni mzima. Daktari hakuelewa kwa nini nalia kwa majibu mazuri.

Wasichana wananiuliza baba yao atarudi lini, nawaambia amekwenda kutafuta vipuri vya tanuri. Simtafuti. Dereva wa lori anajua alipo, nimemwona anavyokwepa macho yangu akishusha magunia jirani. Ukimtaka, muulize yeye.

Dada yako

*

Tarehe 10 Mei

Shemeji,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, wa kulia umegoma kushika kalamu. Dereva alinipa barua yako. Niko huku kwenye kiwanda cha kusaga nafaka, nalinda ghala. Unga nautazama tu kwenye magunia, siugusi, na wenzangu wanadhani mimi ni mvivu wa kubeba.

Umeuliza mwanamke ni nani. Hayupo. Ningempata wapi? Mwanamke gani atajisumbua na mtu anayesinzia kabla ya chakula cha jioni na kunuka hamira hata akitoka kuoga?

Dada yako aliposema virusi, mkono wangu ulikuwa ndani ya unga hadi kwenye kovu. Yeye alikuwa akiuliza habari za wanawake. Mimi kichwani napita nyumba kwa nyumba, nani kala mkate wangu. Shule. Wodi ya wazazi. Yule bibi wa jirani asiye na meno, anayechovya kwenye chai. Wasichana wangu mwenyewe. Kidonda nilikuwa nakifunga kitambaa na juu yake mfuko wa plastiki, lakini mfuko ulikuwa unatoboka, shemeji, na nilijua unatoboka, na nikaendelea kukanda kwa sababu mtu akinitazama kidonda nilikuwa naona haya kuliko akinitazama uchi. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Ile ya mwanamke niliiazima.

Niliiazima kwa sababu mume aliyetoka nje ni aibu ya nyumba moja. Watu wataisema, wataichoka, watapata nyingine. Lakini mwoka mikate aliyelisha mji mzima ugonjwa wake, watoto wake wataitwa kwa jina hilo mpaka waote mvi. Nikaona bora dada yako anichukie kwa lile dogo. Ila nisikufiche, alivyoamini upesi iliniuma. Nilitegemea angebisha kidogo.

Sikwenda kwenye upasuaji kwa sababu wangeniuliza kazi yangu ni nini, nami ningejibu.

Sasa unasema virusi havipo. Nimesoma na siamini, kwa kuwa wewe ni mtu wangu na unaweza kunihurumia. Niambie kama unavyomwambia mgeni kabisa. Mkate ulikuwa na nini? Na haya ya mfuko usimwambie dada yako.

Shemeji yako

*

Tarehe 13 Mei

Shemeji,

Mkate haukuwa na kitu. Saratani haiambukizi. Haipiti kwenye unga, hailiki, haimwingii anayechovya kwenye chai wala anayemeza bila kutafuna. Hata vile virusi nilivyovizusha mimi, vingekuwepo, havisafiri kwa mkate, na vingekutana na tanuri lako vikome. Kufunga kidonda kwa mfuko uliotoboka na kukanda nao, hilo ni kosa la usafi, na ungepaswa kupumzika. Ni hilo tu. Hukuwadhuru. Namwambia hivi mgeni kabisa.

Dereva anarudi huku keshokutwa. Panda naye. Nimezungumza na daktari wa upasuaji, kitanda kipo. Usipopanda, nitakuja kukuvuta mwenyewe, na unajua mimi nikilia nalia kwa sauti.

Barua yako nimempelekea Dada, yote, pamoja na ya mfuko. Najua umenikataza. Nimeshavunja ahadi nzito zaidi mwaka huu.

Shemeji yako wa maabara

*

Tarehe 6 Julai

Dada,

Mmefika salama, dereva ameniambia. Amesema shemeji aliketi mbele, dirishani, na mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, na kwamba wewe ndiye uliyembania.

Ulipoisoma barua yake ulikuja mbio, mkakaa kwangu wiki zote zile. Tulipikiana, tulipokezana kumuuguza, ulinisuka nywele. Ulinishukuru mbele ya wauguzi, ukasema bila mdogo wako mume ungemzika. Kila siku nilijiambia leo nitasema, na kila siku nikakuuliza kama umeshiba. Sasa mko mbali na ninaweza kuandika. Ujue basi mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Yale majibu ya virusi hayakutoka Aprili. Yalitoka wiki ya kwanza ya Machi. Barua yako ya hasira, ya nguo na dirisha, ilinikuta nimeshajua kwamba nimekosea.

Nilijua na nikanyamaza. Mwanzo nilisema ngoja nipate maneno mazuri. Halafu barua yako ikafika, nikaona nilichokianzisha, nikaogopa zaidi. Nyumbani mnaniita daktari, toka nilipoajiriwa. Mama aliwaambia majirani hivyo mpaka anafariki, na sikumsahihisha hata siku moja. Nilishindwa kuandika kwamba daktari wenu hakujua anachokiangalia. Kwa hiyo nikaenda kazini, nikapaka rangi vioo vya watu wengine, na mkono wa shemeji ukaendelea kuoza ghalani.

Daktari wa upasuaji aliniambia mwenyewe, kwenye korido, bila kujua anamwambia nani. Alisema Machi ungekuwa ni ubandikaji wa ngozi. Aprili mwanzoni, labda. Alipokuja Mei, mfupa ulikuwa umeshaguswa.

Na kuna hili. Kilichokatwa huletwa kwetu. Kililetwa kwenye meza yangu kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha kijani, na orodha ya alama za kupaka, na juu yake p16, kwa sababu ndio utaratibu. Vidole nilivitambua. Mwenzangu akasema nimpishe. Nikampisha, nikaenda kusimama nyuma ya jengo kwenye mapipa. Hata hilo la kumhudumia mara ya mwisho sikuliweza.

Kingo ni safi. Hawakuacha kitu ndani yake. Atapona.

Sitaki uniambie si kitu.

Kitinda

*

Tarehe 19 Julai

Kitinda,

Sikuambii si kitu.

Nimemsomea shemeji yako barua yako. Nilifikiria kumficha, kisha nikaona katika nyumba hii kufichana kumeshatugharimu vya kutosha. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza tu kama kweli ulisimama kwenye mapipa, nikasema ndivyo ulivyoandika, akasema masikini. Kwake limekwisha. Wewe unamjua, huwa hana akiba ya hasira. Anajifunza kukata mkate kwa mkono wa kushoto, vipande vinatoka vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, na wasichana wanagombania vinene.

Kwangu halijaisha. Nilipofika pale ulipoandika wiki ya kwanza ya Machi, nilikuchukia, mdogo wangu, nilikuchukia kwa mwili mzima. Nikatoka nje nikalizunguka tanuri. Ndipo nikajiuliza ni nani aliyesimama dirishani na zile nguo. Wewe ulinyamaza, mimi nilipiga kelele. Daktari alipotuma mtu kumwulizia, si wewe uliyejibu kuwa si karani wake. Nimejaribu kugawanya lipi ni lako na lipi ni langu, na kila nikigawanya la kwangu linazidi.

Tumefungua duka. Mimi nakanda, yeye amekaa kwenye kiti ananielekeza, na ananikera kuliko bosi yeyote. Siku ya kwanza foleni ilirudi, si ndefu kama zamani. Nikaona wanamtazama mkono, kisha wanamtazama usoni, na kwenye macho yao nikayaona maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyasindikiza na mashati. Ugonjwa wa umalaya. Ndivyo wanavyojua, maana ndivyo nilivyowaambia.

Nikafungua lile dirisha. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikanitoka yote. Nikasema, "Hakukuwa na mwanamke. Nilimsingizia mume wangu mbele yenu. Ilikuwa saratani ya kovu la tanuri, alilipata akiwaokea nyinyi mikate, na mimi ndiye niliyemfanya achelewe." Unga ulikuwa umenijaa hadi kwenye nyusi. Wengine walitazama chini. Yule bibi asiye na meno ndiye aliyeuliza kama leo ipo ile laini.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba sikuwa na haja. Lakini usiku ule alirudi kitandani, akalala upande wangu, upande ule wa mkono usiokuwepo, na sikugeuka.

Nilidhani nikishasema mbele za watu aibu itapungua. Haikupungua. Ila sasa naibeba mbele, mahali ninapoiona, na nimegundua naweza kuendelea kukanda nayo hivyo. Yako wewe bado iko kwenye karatasi. Umeiandika vizuri sana, kwa mwandiko wako mzuri, ukangoja tufike mbali ndipo ukaituma. Kuandika ndivyo tulivyofika hapa, Kitinda. Wewe na mimi, tukiandikiana nyuma ya mgongo wake.

Hii usiijibu. Omba ruhusa kazini, panda lori uje, uketi mbele yake umwambie kwa mdomo, na mimi nikiwa pale nasikia. Sijui nitakufanya nini ukimaliza. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako